Mwanafalsafa wa Wapi? Utaifa na Lakabu katika Kuwatambulisha Wanafikra: Mifano ya Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Vitabu vya kiada humtambulisha mwanafalsafa kwa mambo matatu kabla ya kutaja hoja yake hata moja: jina, taifa na cheo. Aristotle ni Mgiriki, Kant ni Mjerumani, Nyerere ni Mtanzania na tena ni Mwalimu. Mwanafunzi huyapokea maelezo hayo kama jambo lisilo na ubishi. Makala hii inashikilia kwamba utaifa na lakabu ni uamuzi uliofanywa na watu fulani, mara nyingi baada ya mhusika kufariki. Uamuzi huo huchangia kuamua nani ahesabiwe kuwa mwanafalsafa na nani abaki kuwa mzee wa kabila fulani. Mitaa ya Eastlands jijini Nairobi inatoa mifano ya karibu ya kulifafanua jambo hili.

Utaifa na Lakabu

Shaaban Robert huitwa mwandishi na mwanafikra Mtanzania. Alizaliwa mwaka 1909 wakati wa utawala wa Wajerumani, akaishi sehemu kubwa ya maisha yake chini ya Waingereza, akafariki mwaka 1962. Muungano uliozaa Tanzania ulifanyika mwaka 1964. Basi amevikwa utaifa wa nchi ambayo hakuwahi kulisikia jina lake. Al-Farabi naye alifariki Damascus yapata mwaka 950. Kwa kuwa aliandika kwa Kiarabu, wengi humwita mwanafalsafa Mwarabu. Hata hivyo, chuo kikuu kikubwa cha Almaty, nchini Kazakhstan, kimepewa jina lake, kwa imani kwamba alizaliwa katika ardhi ya nchi hiyo.

Lakabu hufuata njia nyingine. Wanazuoni wa Kiislamu walimwita Aristotle Mwalimu wa Kwanza, na al-Farabi wakamwita Mwalimu wa Pili. Cheo hicho kilitolewa na wasomaji wa kazi zao, bila kuuliza mtu ametoka wapi. Ndivyo ilivyo kwa Nyerere. Aliacha kazi ya kufundisha mwaka 1955 na urais mwaka 1985, lakini hadi leo aitwapo Mwalimu hakuna anayeuliza ni mwalimu yupi.

Mifano ya Eastlands

Mtaa wa Mbotela unamkumbuka Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka 1952. Mitaa ya Ofafa Jericho na Ofafa Maringo inamkumbuka diwani Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953. Vifo hivyo vilitokea wakati wa Hali ya Hatari, na majina ya marehemu yakatukuzwa katika enzi ya ukoloni, wakati ambapo kumkumbuka mtu hadharani kulikuwa na maana ya kisiasa. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku "Ofafa" mara nyingi hudondoshwa, hubaki "Jericho" na "Maringo". Mamlaka ndiyo iliyotoa jina, ila watumiaji ndio walioamua sehemu ipi iendelee kuishi.

Utambulisho wa watu hufuata kanuni hiyo hiyo. Katika mitaa iliyochanganya watu wa makabila mengi tangu ukoloni, kumtaja mtu kwa kabila lake hakutoshi kumbainisha. Hutajwa kwa mtaa wake na kwa lakabu yake: Mwalimu, Fundi, Mzee, Profesa. Profesa wa kijiweni huenda hana shahada. Cheo amepewa na wasikilizaji wake kwa sababu huhoji yale ambayo wengine huyakubali tu, na wanaweza kumvua siku atakapoanza kupayuka. Mtoaji wa cheo anajulikana, sababu yake inajulikana, na uamuzi unaweza kubatilishwa. Utambulisho wa vitabuni hauna masharti hayo.

Uzito wa Suala Hili

Mwaka 1945 Placide Tempels, mmisionari Mbelgiji aliyefanya kazi Kongo, alichapisha kitabu kuhusu falsafa ya Wabantu. Humo falsafa ni mali ya kundi zima, si ya mwanafikra mmoja mwenye hoja yake. Mzungu alitambuliwa kama mtu mwenye taifa, ilhali Mwafrika alizama ndani ya kabila. Henry Odera Oruka (1944–1995) wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliupinga mtazamo huo. Katika kitabu chake Sage Philosophy cha mwaka 1990, aliwawasilisha wazee kwa majina yao, akiwemo Paul Mbuya Akoko, na akatofautisha anayekariri mila na anayeihoji.

Hata hivyo, wahenga wa Oruka kwa kawaida walitafutwa vijijini na kutambulishwa pamoja na jamii zao. Mzee aliyezeekea Kaloleni au Pumwani, anayefikiri kwa Kiswahili miongoni mwa majirani wa makabila mengi, si rahisi kupangwa katika utaratibu huo. Akikosa lebo, hoja zake nazo hukosa pa kuhifadhiwa.

Hitimisho

Mwanafunzi wa Kiswahili akutanapo na utambulisho wowote wa mwanafikra hana budi kuuliza maswali matatu: nani aliyeutoa, lini, na unaficha nini? Kazi ya utafiti inayofuata ni kurekodi hoja za wanafikra wa mitaani kwa majina yao, kwa idhini yao na kwa lugha yao wenyewe. Hoja itangulie, na utambulisho ufuate.