SOMO LA WIKI: WARIDI LA NDEGE NA WARIDI LA JIRANI

Mnunuzi wa Ulaya akimuuliza muuzaji wa maua wa Kenya kwa nini waridi lake lipande ndege, muuzaji asikimbilie kuomba radhi. Kwanza aombe hesabu.

Hesabu yenyewe huitwa unyayo wa mazingira: madhara ya bidhaa tangu shambani hadi sokoni. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, kililinganisha mashina 12,000 ya waridi. Ya Kenya, nauli ya ndege ikiwa ndani, yalitoa takriban kilo 6,000 za hewa ukaa. Ya Uholanzi, jirani na soko, kilo 35,000. Gawanya mwenyewe: nusu kilo kwa ua, dhidi ya karibu kilo tatu. Tofauti iko kwenye gesi na umeme wa kupasha joto na kuangaza nyumba za kioo. Kenya jua hufanya kazi hiyo bila ankara.

Lakini usifunge daftari. Hiyo ni hewa tu. Kwa upande wa maji, Mekonnen na Hoekstra walikadiria mwaka 2012 kwamba shina moja la waridi la bonde la Ziwa Naivasha hutumia lita 7 hadi 13. Maji hayo huuzwa nje pamoja na ua, wala hayaonekani kwenye hati za forodha. Wavuvi wa ziwa hilo nao wanayahitaji.

Kwa hiyo kabla ya kununua hisa za kampuni inayojisifia unyayo mdogo, uliza kilichopimwa ni nini, na kipimo kimeishia wapi. Kikiishia kwenye lango la shamba, ndege haimo.