KUJIWEKA TAYARI KWA IBADA

Masomo: Zaburi 15, Mathayo 5:21-26, 1 Wakorintho 11:17-34



Katika mitaa mingi kengele ya Jumapili hupigwa mara mbili: ya kwanza kuwaita watu watoke majumbani, ya pili kuwajulisha kwamba ibada inaanza. Wengi wetu hudhani kwamba kujitayarisha ni kazi ya muda ule ulio katikati ya kengele mbili: kuoga, kuvaa, kutafuta sadaka, kuwahimiza watoto, kisha kwenda mbio. Katika somo hili twataka kuona kwamba matayarisho huanza mapema zaidi, na ya kwamba sehemu yake iliyo ngumu haifanyiki kanisani, bali katika njia iendayo kwa jirani.

1. Mungu huwapa watu wake nafasi ya kujitayarisha

Wana wa Israeli walipofika Sinai, Mungu hakushuka siku ileile. Aliwapa leo na kesho wafue nguo zao na kujitakasa, wawe tayari kwa siku ya tatu (Kutoka 19:10-11). Musa naye, kabla ya kusikia neno katika kile kijiti, aliambiwa kwanza avue viatu (Kutoka 3:5). Yakobo alipoamka kule Betheli aliingiwa na hofu, kwa maana alikuwa amelala mahali alipo Mungu naye hana habari (Mwanzo 28:16-17).

Hofu hiyo si ile ya mtumwa anayengoja fimbo. Ni heshima ya mtu ajuaye amesimama mbele ya nani. Mtu akiitwa na mkuu wa wilaya hupiga pasi nguo zake tangu jana, hupanga maneno yake, na hufika kabla ya saa. Je, Bwana wa mabwana tumwendee kwa haraka na usingizi machoni?

Kwa hiyo nguo safi, kufika mapema na kunyamaza kanisani si mambo ya bure. Ni adabu njema, nayo yatupasa kuwafundisha watoto wetu. Lakini nguo yaweza kufuliwa na moyo ukabaki na madoa. Ndiyo sababu Maandiko hayaishii kwenye nguo.

2. Maswali ya mlangoni

Zaburi ya 15 ni kama mazungumzo mlangoni pa hekalu. Mtu anauliza ni nani awezaye kukaa kwa Mungu, naye anajibiwa. Angalieni majibu yenyewe. Haulizwi amevaa nini, wala ametoa kiasi gani. Anaulizwa habari za ulimi wake: je, amemsingizia mwenzake? Anaulizwa habari za ahadi: je, aliyoapa ameyatimiza hata alipopata hasara? Anaulizwa habari za fedha: je, amemkopesha mhitaji kwa riba, au amepokea rushwa ili kumwumiza asiye na hatia?

Haya yote ni mambo ya Jumatatu hata Jumamosi. Ni mambo ya sokoni, ya shambani na ya barazani. Mungu anatutazama namna tulivyokuja kutoka huko.

3. Iache sadaka yako

Bwana wetu aliyafanya maneno hayo kuwa makali zaidi. Asema kwamba mtu akiwa amekwisha kufika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka ya kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka palepale, aende kwanza kupatana, ndipo arudi kuitoa (Mathayo 5:23-24).

Tuangalie mambo mawili. La kwanza, Bwana hakusema, “ukikumbuka kwamba wewe una neno juu ya ndugu yako.” Alisema habari za ndugu aliye na neno juu yetu. Sisi hukumbuka upesi makosa tuliyotendewa, lakini yale tuliyotenda twayasahau. Basi kujipima kwa kweli ni kuuliza: ni nani leo anayeumia kwa ajili yangu?

La pili, wasikilizaji wake walikuwa Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, safari ya siku kama tatu kwa miguu. Kuacha sadaka na kurudi nyumbani kupatana, kisha kwenda tena, si jambo la dakika tano. Bwana alijua hivyo, lakini hakupunguza neno lake. Kupatana na ndugu kwastahili gharama ya safari.

Wakristo wa kwanza walilishika sana fundisho hili. Kile kitabu kidogo cha zamani kiitwacho Didake chaagiza kwamba mtu mwenye ugomvi na mwenzake asijiunge na kusanyiko mpaka wapatane. Naye Yustino Shahidi, aliyeandika yapata mwaka 155, aeleza kwamba Wakristo walisalimiana kwa busu baada ya maombi, kabla ya mkate na kikombe kuletwa. Kupeana amani tunakofanya katika ibada zetu kwatoka huko. Si salamu ya sokoni, wala si wakati wa kuulizana habari za mvua. Ni kutangaza mbele za Mungu ya kwamba hapana deni la chuki kati yetu. Mkono ukitolewa kwa jirani wa kulia na kumruka yule wa kushoto, kuna kazi iliyobaki.

4. Kitabu cha Sala chatufundisha nini?

Sisi Waanglikana tumepewa msaada mkubwa katika jambo hili. Ile sala fupi ya mwanzo wa Ushirika Mtakatifu, tunapomwomba Mungu ajuaye mioyo yote aitakase kwa Roho wake, ina historia ya kufaa kukumbukwa. Katika ibada ya zamani ya Uingereza ilikuwa sala ya kasisi peke yake, aliyoisema alipokuwa akijivika mavazi. Askofu Mkuu Thomas Cranmer, katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1549, aliiweka katika lugha ya watu ndani ya ibada yenyewe. Hivyo matayarisho yaliyokuwa ya kasisi yakawa ya watu wote. Tangu hapo hakuna mshiriki awezaye kusema, “Kujitayarisha ni kazi ya mchungaji.”

Tena, Kitabu cha mwaka 1662 chaagiza kwamba wenye nia ya kushiriki wamjulishe kasisi angalau siku moja kabla. Chaagiza pia tangazo la Ushirika lisomwe katika Jumapili au sikukuu inayotangulia, likiwahimiza watu wajipime kwa amri za Mungu, waungame, warudishe walichodhulumu, na wawasamehe waliowakosea. Na mtu ambaye dhamiri yake haitulii, aalikwa kumwendea kasisi apate shauri na faraja. Mlango huo haujafungwa.

5. Tusiikimbie Meza

Hapa wako ndugu wanaokosea kwa upande mwingine. Mtu amegombana na jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba. Jumapili ya Ushirika inapofika, anabaki kitini wengine wanapokwenda mbele. Mwaka unapita, na wa pili. Yeye adhani ameonyesha heshima kwa Meza. Kweli, kutoshiriki kwa unafiki ni afadhali kuliko kushiriki kwa unafiki. Lakini kubaki kitini hakujamaliza ugomvi. Dawa imeachwa mezani na ugonjwa umebaki mwilini.

Mtume Paulo hakuwaambia Wakorintho wajipime wapate kukaa mbali. Aliwaambia wajipime, na baada ya hapo wale na kunywa (1 Wakorintho 11:28). Na dhambi yao ilikuwa nini? Wenye chakula walitangulia kula na kulewa, na maskini wakabaki na njaa. Waliutukuza mwili wa Bwana kwa midomo, na palepale wakawadharau walio viungo vyake.

Pale Mkunazini, Unguja, Kanisa Kuu la Kristo lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka uleule. Mahali ambapo mwanadamu alipimwa kwa bei, watu sasa hupiga magoti bega kwa bega na kupokea mkate mmoja. Basi nasi tunapopiga magoti tujiulize: aliye karibu nami namwona kuwa ndugu, au bado nampima kwa bei, kwa kabila lake, kwa nguo zake, kwa deni lake?

6. Mwenzangu akikataa je?

Hili ni swali la kweli, na wengi wameumizwa nalo. Mtu amekwenda kuomba radhi, akafukuzwa. Je, azuiliwe Mezani mpaka yule atakapokubali? Kitabu cha Sala chajibu waziwazi. Kasisi asiwapokee Mezani watu ambao chuki imetawala kati yao, mpaka wapatane. Lakini mmoja akisamehe kwa moyo, na kuwa tayari kutengeneza alipokosa, na mwingine akishupaza shingo, kasisi ampokee yule aliyetubu, wala si yule mkaidi. Paulo naye asema tukae na watu wote kwa amani kwa kadiri iliyo juu yetu (Warumi 12:18). Tumepewa mpaka: twaulizwa habari za sehemu yetu.

Tena, kupatana si kuficha uovu. Mke anayepigwa, au yatima aliyenyang'anywa urithi, asiambiwe anyamaze ili apate kushiriki. Anayepaswa kutubu na kurudisha ni yule aliyedhulumu. Ndugu wa Uamsho, ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, walilijua hilo: wengi waliookoka walichukua vitu walivyoiba wakawarudishia wenyewe, na madeni ya siri wakayalipa. Toba yao ilikuwa na miguu na mikono.

7. Jumamosi jioni

Basi tufanye nini? Tuanze na haya:

(a) Soma nyumbani masomo ya kesho, pamoja na jamaa yako.

(b) Kaa kimya kwa muda mfupi. Pitia Amri Kumi, kisha uulize: nani ana neno juu yangu?

(c) Likikujia jina la mtu, usilisukume. Kama yu karibu, nenda kabla hakujawa usiku sana. Kama yu mbali, mwandikie au mpigie simu. Kama amekufa, ungama kwa Mungu, na ukihitaji msaada mwendee kasisi.

(d) Tayarisha nguo na sadaka, ulale mapema.

(e) Asubuhi fika kabla ya kengele ya pili. Zima simu, piga magoti, uwaombee watakaokaa karibu nawe, na kasisi atakayeongoza.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika Zaburi 15, ni jibu gani linalotugusa zaidi katika mtaa wetu?

2. Kwa nini Bwana Yesu alitaja ndugu aliye na neno juu yetu?

3. Wako washiriki walioacha kuja Mezani kwa sababu ya ugomvi. Tuwasaidieje bila kuwaaibisha?

Sala

Ee Bwana, wewe watujua kabla hatujafika nyumbani mwako. Utuonyeshe leo jirani tuliyemwumiza, utupe unyenyekevu wa kumwendea, na utuandalie moyo wake kutupokea. Utukutanishe kesho kwenye Meza yako bila kinyongo, kwa ajili yake aliyetupatanisha nawe, Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.