Tiba ya Joto: Hesabu Kwanza, Moto Baadaye

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Leo nataka tuichunguze methali hii kisayansi, maana wapo madaktari waliotumia joto kupigana na saratani, yaani kansa.

Sisi wa Lodwar na Kakuma twalijua jua. Hewa hupita digrii 35, lakini mwili wenye afya hubaki kwenye 37 hivi, kwa sababu damu hulibeba joto hadi kwenye ngozi na jasho hulitoa. Sasa, uvimbe wa saratani ukipashwa hadi kati ya digrii 41 na 46, seli zake hudhoofika na nyingine hufa. Swali ni hili: utaupashaje uvimbe ulio ndani ya ubongo bila kuunguza sehemu zilizo jirani?

Njia moja ni kutumia chembe za oksidi ya chuma. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi; chembe hizi huwa na 10 hadi 15 tu. Hudungwa ndani ya uvimbe zikiwa katika maji, kisha mgonjwa huwekwa kwenye mashine ambayo nguvu yake ya sumaku hugeuka huku na huku kama mara 100,000 kwa sekunde. Chembe zikilazimishwa kufuata mageuzi hayo, hupata joto. Huko Chicago, R. K. Gilchrist na wenzake waliandika juu ya jaribio la aina hii mwaka 1957. Huko Berlin, Andreas Jordan na wenzake waliliendeleza wazo hilo, na mwaka 2010 Ulaya ikaidhinisha tiba hiyo kwa uvimbe wa ubongo. Kumbe hata meno yaliyozibwa kwa chuma ilibidi yashughulikiwe kwanza, yasije yakapata moto! Hata hivyo tiba hiyo haikuenea. Upasuaji, miale na dawa ndizo tiba za kawaida.

Kompyuta nayo yaingia wapi? Mwaka 1948 Harry Pennes wa Marekani alipima joto ndani ya mikono ya watu, akaandika hesabu ya jinsi damu inavyoleta na kuondoa joto. Programu za kompyuta huugawa uvimbe katika vipande vidogo vidogo, kisha hufanya hesabu hiyo kwa kila kipande kabla mgonjwa hajaguswa.

Hebu tujaribu kwa kalamu, kwa namba nilizochagua mwenyewe. Uvimbe uko digrii 37. Kila dakika chembe huongeza digrii 1, na damu huondoa sehemu moja kwa nane ya joto lililozidi 37. Dakika ya kwanza tunafika 38, ya pili 38.9, ya tatu 39.6. Joto hupanda polepole zaidi na zaidi hadi likaribie 45, kwa sababu hapo ziada ni 8, na moja kwa nane ya 8 ni 1: kinachoingia ni sawa na kinachotoka. Damu ikiondoa robo, joto litakomea 41. Ikiondoa moja kwa kumi na sita, litafika 53, na hapo tumeunguza!

Tena mishipa ya uvimbe haiko sawa. Ni kama Mto Tarach pale Kakuma: leo maji, kesho mchanga mtupu. Ndiyo maana kukisia hakufai.

Basi wenzangu, tukisikia mtu anataka kuchoma uvimbe kwa chuma cha moto, tumzuie. Chuma hicho hakipimi kitu. Isitoshe, hapa Turkana si kila uvimbe ni saratani. Upo wa tumboni unaoletwa na minyoo ya mbwa. Hospitali kwanza, vipimo kwanza.

Zoezi: Damu ikiondoa moja kwa kumi kila dakika, joto litakomea wapi? Je, hapo ni salama?