Je, Kila Ngoma ya Kisukuma ni Ushirikina?

Wapo wapitao Shinyanga au Geita, wakasikia ngoma kwa mbali, mara wakatoa hukumu: huo ni upagani mtupu, aliyesilimu asiukaribie. Muulizeni asemaye hivyo ni ngoma gani aliyoisikia, hana jibu.

Bugobogobo huchezwa kwa majembe. Asili yake ni shambani: watu hulima pamoja, na ngoma huongoza mapigo ya majembe ili kazi isichoshe. Ushirikina uko wapi hapo? Katika Sura Bani Israil Mwenyezi Mungu anatukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo, kwani sikio, jicho na moyo vitaulizwa. Tena imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini Madina siku ya Idi, naye Mtume (s.a.w.) akamwacha Bibi Aisha (r.a.) awatazame.

Lakini tusifiche upande wa pili. Vyama vya Bagika na Bagalu, vilivyotokana na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, hushindana kuvuta watazamaji, na wako wategemeao dawa iitwayo samba ili wapate umati. Hapo ndipo penye shirki, kwa kuwa moyo umeiegemea dawa badala ya Mungu.

Basi, ndugu mliosilimu, jamaa zenu wakiwaalika kulima kwa bugobogobo, nendeni. Wakiwataka mchange fedha za dawa ya mashindano, kataeni kwa adabu, na waelezeni sababu.