Mpiganaji na Morani: Tofauti Iliyofichwa na Tafsiri

Neno "mpiganaji" limetokana na kitenzi "pigana". Kiambishi -ji huonyesha mazoea. Basi hata mnyang'anyi wa barabarani, akiwa stadi, astahili jina hilo. Wasamburu wa Isiolo wana neno lmurrani, lililotoholewa katika Kiswahili cha Kenya kuwa "morani". Mzizi wake wahusu tohara, wala si vita. Morani ana miiko: hali chakula peke yake, wala hali nyama iliyoonwa na mwanamke aliyeolewa. Arushaye mkuki vyema bila kuishika miiko hiyo ni mpiganaji tu. (Hata katika judo ya Kijapani, "do" ni njia.) Tafsiri ya "mpiganaji", ipendwayo na magazeti, yaiacha miiko nje, heri "morani" libaki lilivyo.