Mzee Anaposahau Jina Lako

Somo letu mara hii lahusu ugonjwa ambao hapa Ziwa la Ng'ombe twauona lakini hatuutaji. Tukiuliza, twajibiwa, "Aa, huo ni uzee tu." Wengine huenda mbali zaidi, wakasema mzee karogwa, au ati yeye mwenyewe ndiye mchawi.

Ugonjwa huo ni Alzheimer, jina la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliyeueleza mwaka 1906. Huharibu ubongo pole pole. Mambo ya jana hupotea kwanza, ya zamani hubaki. Ndiyo maana nyanya aweza kukusimulia harusi yake ya Kaloleni tangu mwanzo hadi mwisho, na hajui kama asubuhi amekunywa chai. Dawa ya kuuponya haijapatikana.

Tuchukue mfano wa nyumba moja. Nyanya aficha pesa chini ya godoro, asahau, kisha amgeukia mkaza mwana: "Umeniibia!" Majirani wasikia. Mkaza mwana alia, na mume hajui amwamini nani, mama au mke. Kumbe hakuna mwizi wala mwongo hapo.

Ushauri wetu ni kutobishana. Sema, "Haya mama, hebu tuzitafute pamoja." Jioni akifunga mzigo wake ati aenda kwao, usimwambie, "Mamako alikufa kitambo." Atalia kama msiba ni wa leo. Muulize habari za huko kwao, mtembee naye hadi dukani, mrudi. Wala tusimfanyie mtihani: "Mimi ni nani? Sema!" Huko ni kumwaibisha. Tangulia wewe: "Ni mimi mwanao, nimekuletea uji." Jina limempotea, lakini sauti ya upole aielewa. Ukimfokea, maneno atayasahau, hofu itabaki naye. Wimbo wa zamani au sala aliyofunzwa utotoni mara nyingi huweza kuifuata hata anapokosa maneno mengine.

Jambo la uchawi si la mzaha. Jirani zetu wa Kilifi wamezika wazee waliouawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma yake kuna shamba linalotakiwa. Wengine wamekimbilia Kaya Godoma, kule Ganze, mbali na wajukuu wao. Mzee anayetangatanga usiku na kukutwa uani kwa mtu ni rahisi kushukiwa. Basi majirani waambiwe mapema kwamba huyu ni mgonjwa, wakimwona aelekea barabara ya Malindi wamrudishe nyumbani.

Tumpeleke pia hospitali, Makadara au zahanati ya karibu kwanza, kwani si kila anayesahau ana Alzheimer. Ugonjwa wa tezi ya shingo, upungufu wa vitamini, dawa fulani, hata huzuni nzito ya kufiwa, huleta usahaulifu, na hayo yana matibabu.

Sasa tumtazame anayemlea. Kwa kawaida ni mwanamke mmoja. Usiku halali, mchana hatoki. Anayemuuguza yupo mbele yake, lakini mazungumzo yao ya zamani hayapo tena, naye hana wa kumwambia. Kikundini haji, mchango wake wachelewa, na sisi twamtoza faini! Hiyo si haki. Kikundi chaweza kupanga zamu, mwanachama mmoja akae na mzee saa mbili siku ya mkutano. Au mkutano ufanywe kwake, mzee ameketi papo hapo mkekani akichambua mchicha na wengine. Akiuharibu, na auharibu.

Maswali ya kujadili: Nani katika kikundi chetu ameacha kuja kwa kuwa ana mgonjwa nyumbani? Mara ya mwisho tulibisha hodi kwake lini? Nani ataanza zamu wiki hii?