Dondoo muhimu: Stiki ya oili inapokudanganya

Umenunua Toyota Noah ya mkononi, jioni stiki inaonyesha oili imejaa, asubuhi iko chini ya alama ya L (kiwango cha chini). Kabla hujamimina hata kifuniko kimoja, anza hapa.

1. Egesha palipo tambarare, si tairi mbili juu ya ukingo wa barabara.
2. Zima injini ikiwa ya moto, subiri dakika 5 hadi 10 oili ishuke kwenye sampu, chini ya injini.
3. Usisome mchomo wa kwanza: futa, chomeka hadi mwisho, chomoa, ndipo usome.
4. Pande mbili za stiki zikitofautiana, fuata upande unaoonyesha oili iko chini zaidi. Wa juu mara nyingi umepakwa na oili ya kwenye bomba la stiki.
5. Oili mpya haionekani vizuri. Geuza stiki kwenye mwanga.
6. Hakikisha stiki ni ya injini hiyo. Hapa ndipo wengi hupigwa: ya awali ilivunjika, fundi akachomeka ya gari jingine.
7. Ukiwa na shaka, mwaga oili yote, badilisha filta, weka lita zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari, washa kidogo, zima, subiri, kisha kwaruza alama ilipofikia. Hiyo ndiyo F (alama ya kujaa) yako.
8. Kagua bomba la stiki. Likipinda au kulegea, kipimo hupotea.
9. Ikibidi kuongeza, ongeza robo lita kila mara. L hadi F huwa karibu lita 1 tu.
10. Oili imepanda yenyewe? Inuse na uitazame. Ikinuka petroli au ikiwa na rangi ya maziwa, usiwashe, ita fundi.